Simu au jumuiya: usharika ushike lipi janga likirudi?

Corona ilipoingia mwaka 2020, usharika wetu ulikuwa na sehemu mbili zisizofanana hata kidogo. Mtaa wa mjini, upande wa Kisasa na Ilazo, umejaa watumishi wa serikali waliohamia Dodoma baada ya uamuzi wa 2016 wa kuleta makao makuu huku, pamoja na wafanyabiashara wadogo na wanafunzi wa vyuo. Mitaa miwili ya vijijini, njia ya kwenda Mvumi, ni ya wakulima wa uwele, mtama, karanga na alizeti. Mjini tulishika simu: namba ya kutuma sadaka kwa simu, kikundi cha WhatsApp, mahubiri yaliyorekodiwa. Vijijini, ambako akina mama wengi wana simu ya kitochi na vocha ya kuungaunga, tulirudi kwenye jumuiya, yaani vikundi vya kaya jirani vinavyosali pamoja, nyumba kwa nyumba. Mimi nilikuwa mhazini wa wote, kwa hiyo vitabu vya pande zote mbili vilipita mikononi mwangu.

Nawaandikia wazee wenzangu wa kanisa ambao mabaraza yao yanataka kuamua mapema. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya corona Mei 5, 2023, lakini Machi ya mwaka huo huo Kagera ilikuwa inapambana na Marburg, na Januari 2025 ugonjwa huo ukarudi mkoani humo. Usharika unaongoja mgonjwa wa kwanza ndipo ukae kikao utakuwa umechelewa.

Milango ilikuwa wazi, watu wakapungua

Wakenya walipofungiwa makanisa Machi 2020, kila mtu alijua kwa nini kiti cha jirani kiko tupu. Yalipofunguliwa Julai, masharti yalikuwa bayana: watu wasiozidi 100, ibada isizidi saa moja, watoto wa chini ya miaka 13 na wazee wa zaidi ya miaka 58 wabaki nyumbani. Kwetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, huko Arusha. Shule na vyuo vikafungwa, nyumba za ibada zikaachwa. Rais John Magufuli alilisema hilo akiwa ibadani hapa hapa Dodoma, Machi 22. Maaskofu wachache walisitisha ibada kwa uamuzi wao wenyewe, akiwemo Benson Bagonza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) Dayosisi ya Karagwe na Severine Niwemugizi wa Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara. Kwingine kengele iligongwa kila Jumapili kama kawaida.

Kwa hiyo kwetu aliyebaki nyumbani alibaki kimya. Mmoja aliogopa kuambukizwa. Mwingine alikuwa na mgonjwa ndani, akijifukiza asubuhi na jioni, na hakutaka majirani wajue. Mwingine kibarua kilikuwa kimeisha, akaona aibu kuja mikono mitupu. Ukikaa mbele ukatazama mabenchi, wote watatu wanafanana: nafasi tupu tu. Na nilichokiona kwenye vitabu vyangu ni kwamba watu walitangulia kupotea, fedha zikafuata miezi miwili mitatu baadaye. Mwezi wa kwanza wa corona sadaka haikushuka sana, tukapumua. Tulipokuja kushtuka, wenye sadaka hiyo walikuwa wameshazoea kukaa bila sisi.

Ndiyo maana sianzi kulinganisha na fedha.

Nani atajua kwamba mama fulani hajaonekana?

Kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa na uhai mkubwa. Mchungaji akiweka mahubiri, amina zinamiminika. Tulidhani watu wapo. Lakini waliokuwa wakiandika walikuwa wale wale, na wasioandika hatukuwahesabu. Wanafunzi waliondoka vyuo vilipofungwa Machi. Vilipofunguliwa Juni 1, kwaya ya vijana ilirudi pungufu na haikujaa tena mwaka ule. Majina yao yalibaki kwenye kikundi, wakipokea mahubiri sawa na wengine, nasi tukijifariji kwamba tunao.

Waliopotea kabisa ni wasichana wa kazi za ndani. Hao hawakuwa kwenye kikundi tangu mwanzo. Waajiri wengine waliogopa mtu anayetoka na kuingia, wakawarudisha kwao Kondoa, Iramba, Manyoni. Baraza letu zima halikujua mpaka mwalimu wa kipaimara alipofungua darasa tena akakuta karibu nusu ya wasichana wake hawapo, wala hakuna mwenye namba ya kuwapata. Hilo linaniuma mpaka leo. Wale walikuwa washarika wenye daftari na sadaka zao ndogo za kila Jumapili.

Kijijini, mwenyekiti wa jumuiya ana kaya kumi hadi kumi na tano. Akipita asubuhi akaona mlango wa mzee haujafunguliwa, anabisha hodi. Akikuta mzee amelala na homa, habari inafika kwa mwinjilisti kabla ya jua kuwaka, na jioni kuna uji. Hakuna programu iliyofanya kazi hiyo. Ni jicho la jirani. Ndugu zetu Wakatoliki wametutangulia hapa: maaskofu wao wa Afrika Mashariki walizipa jumuiya ndogondogo kipaumbele tangu miaka ya 1970, na katika parokia nyingi ukitaka ndoa au ubatizo wa mtoto, jumuiya yako ndiyo inayoulizwa kwanza kama inakufahamu.

Sitaficha upande wa pili. Jicho hilo hilo la jirani lilifanya watu wajifiche. Familia iliyokuwa na mgonjwa wa kifua iliogopa kunyooshewa vidole, na vijijini habari hutembea upesi kuliko bodaboda. Mjini kuna washarika walioniambia wazi kwamba walishukuru kuwa mbali na macho ya watu. Kwa aibu ya ugonjwa, simu ilikuwa na heshima zaidi, ila simu ya sauti, ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Mwinjilisti wetu wa mjini alianza kupiga simu kila jioni akifuata daftari la washarika, na watu waliokuwa kimya kikundini kwa wiki nyingi walimweleza mambo mazito kwa dakika tano. Kwa hiyo ninaposema simu na jumuiya, mstari haupiti pale watu wanapoudhania. Mwinjilisti anayepiga simu kwa daftari yuko karibu zaidi na jumuiya kuliko na kikundi cha WhatsApp.

Huku Ugogo, kutawanyika kwa watu wakati wa dhiki kuna historia ndefu. Simulizi za Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920 iliyokutana na mafua yaliyoizunguka dunia, zimejaa watu walioacha makazi kutafuta chakula. Mwenye jirani wa kumtafuta ndiye aliyekuwa na pa kurudi.

Sadaka: kikapu kilipopungua

Kwa mshahara wa mwezi, simu haina mpinzani. Mtumishi akishapokea mshahara anatuma ahadi yake akiwa kitandani, muamala unaandikwa wenyewe, na mhazini ana ushahidi. Mtaa wa mjini ulilipa umeme, maji na mlinzi miezi yote kwa sababu hiyo. Wale walioacha kuja kwa hofu waliendelea kutoa, jambo ambalo kikapu kisingeweza.

Lakini simu ina mtu inayemwacha nje. Mjane aliyezoea kutumbukiza sarafu ya Sh 200 hawezi kutuma Sh 200 bila kuona haya, na makato yanamkumbusha udogo wake. Kikapu kinapita gizani. Simu inatangaza jina na kiasi. Halafu serikali ilipoanzisha tozo ya miamala Julai 15, 2021, ya kuanzia Sh 10 hadi Sh 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi, watoaji wadogo ndio waliorudi nyuma kwanza. Tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo, lakini tabia ilikuwa imeshavunjika. Tuliwashauri wajumlishe: anayetoa Sh 2,000 kila Jumapili atume Sh 8,000 mara moja kwa mwezi. Wenye nidhamu walifanya hivyo. Kwa wengine Jumapili nne zilizojumlishwa ziligeuka deni, na deni likageuka sababu ya kutoonekana.

Jumuiya ilikuwa na njia ya zamani kuliko sisi sote: kila kaya inaweka bahasha pembeni, mweka hazina wa jumuiya anakusanya na kuandika mbele ya watu. Paulo aliwaagiza Wakorintho vivyo hivyo, kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyofanikiwa. Sarafu ya mjane iliingia kwenye bahasha bila maelezo.

Vijijini kwetu, hata hivyo, fedha taslimu ni sehemu ndogo ya habari. Mvua za Dodoma ni za Desemba hadi Aprili, mavuno huanza Mei na Juni, na sadaka kubwa ya mwaka huja kwa debe na gunia. Zamani tuliuza mazao hayo kwa mnada baada ya ibada: kuku, boga, karai la karanga, watu wakipandisha bei kwa vicheko. Mnada ni msongamano, kwa hiyo tuliuacha. Jumuiya zikakusanya nafaka, zikaihifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, nasi tukasubiri. Hapo tulijifunza jambo ambalo tungelijua miaka mingi nyuma: mtama uliouzwa Juni, kila mtu akiwa nao, una bei ya kutupwa, ukiuzwa Januari, ghala za watu zikiwa zimeanza kuonekana sakafu, bei ni nyingine. Uwele na mtama vilivyokaushwa vyema vinavumilia kusubiri. Karanga na mahindi msiyacheleweshe yakiwa na unyevu: mwaka 2016 sumu kuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kanisa halina ruhusa ya kumuuzia mtu chakula cha kumdhuru. Kaushieni kwenye turubai, chagueni zilizooza mzitupe, kisha mziuze mapema.

Fedha ikishakusanywa, inalala wapi?

Hapa pande zote mbili zilitupiga, na ningependa mabaraza yakae juu ya hoja hii muda mrefu kuliko nyingine.

Mjini, namba ya sadaka ilikuwa laini ya mzee mmoja mwaminifu. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, ulioanza Mei 2019, laini ni ya mtu mwenye kidole hicho na si ya mwingine. Katika janga ambalo huchukua zaidi watu wa umri mkubwa, wazee wanaoshika fedha za kanisa ndio walio hatarini. Mzee akifariki, namba ya siri inakwenda naye, na sadaka inaingia kwenye mirathi pamoja na shamba na ng'ombe wake. Yule wetu aliugua akapona, Mungu ni mwema, lakini kwa wiki tatu hatukuweza kutoa hata shilingi. Baada ya hapo tulifungua akaunti ya benki kwa jina la usharika, yenye watia saini watatu na wawili kati yao lazima wasaini, na tukaomba lipa namba, yaani namba ya kupokea malipo ya simu, iliyounganishwa na akaunti hiyo. Ilitugharimu muhtasari wa kikao, barua na siku chache za kwenda na kurudi. Kabla ya kuchagua mtandao au benki, ulizeni makato ya pande zote mbili: anakatwa nini anayetuma, na mnakatwa nini mnapotoa.

Kijijini, hatari ilikuwa kibubu. Mweka hazina wa jumuiya moja aliugua, bahasha zikakaa chini ya kitanda chake miezi miwili. Tulipozihesabu zilitimia mpaka sarafu ya mwisho, lakini kwa miezi hiyo mwinjilisti wa mtaa hakupata posho, na hakutuambia. Alikuwa analima vibarua ili watoto wale. Tangu hapo tuna kanuni moja: fedha ya jumuiya isilale ndani zaidi ya siku mbili, iende kwa wakala na kuingia akaunti ya usharika, na anayeipeleka awe na msaidizi anayejua kiasi. Hapo simu na jumuiya zilikutana bila ugomvi: jumuiya inakusanya, simu inasafirisha.

Kwa afya, simu inashinda

Sitabishana na hilo. Jumuiya ya watu kumi na watano kwenye sebule yenye dirisha moja, wakiimba, ni mahali pabaya wakati wa ugonjwa wa njia ya hewa. Tulipoanza tulifanya hivyo na tulikosea. Tulirekebisha kwa kutoka nje. Dodoma ina neema hii: kuanzia Mei hadi Novemba ni nadra mvua kukutoa chini ya mti. Tulikaa mduara mpana, viti vikiwa mbalimbali, ndoo ya maji tiririka na sabuni mlangoni, na wazee sana tukawafuata wenyewe mlangoni mwao kwa sala fupi. Juni na Julai upepo wa asubuhi ni mkali kwa mwenye kifua, kwa hiyo tulihamishia ibada za jumuiya saa kumi alasiri.

Kuna njia ya tatu ambayo sharika nyingi za mjini ziliipenda: kugawa ibada kubwa kuwa tatu fupi. Inapunguza msongamano kweli. Inamchosha mchungaji mmoja kupita kiasi, na haiwafikii waliobaki nyumbani, ambao ndio tatizo lenyewe. Ifanyeni kama mna watumishi wa kutosha.

Matumizi: nani alipwe kwanza

Kwa namna yoyote ya kukusanya, kapu litapungua, na hapo baraza linachagua kati ya jengo na watu. Jiji linakua, karibu kila usharika hapa una ujenzi, nasi tulikuwa na paa lililosubiri. Ushauri wangu hauna kona: simamisheni ujenzi, lipeni posho za wainjilisti na mlinzi. Bati likikaa ghalani mwaka mmoja litabaki bati. Saruji haisubiri, ikikaa miezi kadhaa inaanza kuganda na kupoteza nguvu, kwa hiyo kama mmeshainunua, itumieni kwenye sakafu au muiuze. Mwinjilisti akiondoka kutafuta riziki Dar es Salaam, hamtampata kwa bei ya mfuko wa saruji.

Mgawo wa dayosisi, ile sehemu ya sadaka tunayopeleka huko, msiunyamazie. Tuliandika barua mapema, tukaeleza hali na kuambatanisha hesabu, na tukasikilizwa. Naamini tungekaa kimya mpaka deni likue, mazungumzo yangekuwa mengine.

Ningechagua lipi

Usharika wa wenye mishahara watupu, wenye intaneti na simu janja, uanze na lipa namba ya akaunti ya usharika, lakini papo hapo ugawe daftari la washarika kwa watu wa kupiga simu za sauti, majina kumi na tano kwa mtu mmoja, mara moja kwa juma. Bila hao wapigaji, nisingeushauri kabisa. Usharika wa wakulima ushike jumuiya, mazao na ghala, na simu iwe ya kusafirisha fedha peke yake.

Walio mchanganyiko kama sisi, na hapa Dodoma ni wengi, mara nyingi hawana nguvu ya kujenga vyote kwa mara moja. Kama ni lazima kuanza na kimoja, anzeni na jumuiya. Jumuiya iliyo hai mkiipa lipa namba Jumapili, Jumapili inayofuata inaitumia. Kikundi cha WhatsApp mkitaka kikawe jumuiya, itawachukua miaka, kwa kuwa watu hawajawahi kukaa kwenye mkeka mmoja, hawajui nani ana mtoto mgonjwa wala nyumba ya nani iko nyuma ya kisima. Na kazi hiyo haifanyiki wakati wa hofu. Inafanyika sasa, watu wakiwa wanapeana mikono bila woga.

Sisi tumeanza na daftari. Tumeachana na lile la zamani lenye jina, namba ya bahasha na kiasi. La sasa lina jina la kila anayelala katika kaya, akiwemo msichana wa kazi na mwanafunzi mpangaji. Namba ya simu ya ndugu wa nyumbani alikotoka. Jirani wa karibu. Na mara ya mwisho kuonekana. Mtaa wa mjini bado una kurasa nyingi tupu. Jumamosi tunapita Ilazo, kaya kwa kaya, kuanzia saa tisa.